Ukurasa wa Mbele Ulionizika Nikiwa Hai

Mimi ni Ombeni, mwana wa Elinami na Ndeonasia, niliyezaliwa Mwika, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, katika kihamba, shamba la migomba la ukoo, ambacho baba yangu alikirithi kwa baba yake na ambamo wote wawili wamelala. Sikupelekwa shule hata siku moja. Maneno haya yanaandikwa na mjukuu wangu Neema, niliyemlea tangu akiwa na miaka sita, nami nimemwamuru asipunguze hata neno, hasa pale ninapojiaibisha. (Neema, nakuona unatabasamu. Andika.)

Aibu yenyewe naitaja mapema ili nisije nikapata nafasi ya kuikwepa: mchana kweupe, hapa Kariakoo, nilikaa kwenye benchi nikiwa nimevua kofia na kuinamisha kichwa, nikaomboleza kifo changu mwenyewe mbele ya mafundi cherehani karibu wote wanaonifahamu.

Ninauza vifungo. Nauza pia zipu, nyuzi na lastiki, lakini jina nililopewa na mtaa ni Mzee Vifungo, na sijawahi kulikataa. Duka langu lilikuwa na tovuti iliyotengenezwa na kijana mmoja ambaye baadaye alihama bila kuaga, na tovuti hiyo ilikuwa ya njano, ina nyota zinazozunguka, herufi zake zimepandana kama abiria waliochelewa, na mteja wa Songea akiifungua kwenye simu anaweza kupika wali ukaiva kabla hajaona kifungo kimoja. Neema alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, na mwalimu wake alitaka kila mwanafunzi achukue tovuti halisi yenye sura mbaya, aibadilishe, aiweke hewani itumiwe na wateja, kisha asimame mbele ya walimu aitetee. Asiyefaulu anarudia mwaka. Neema akaichagua yetu, akisema hajaona mbaya zaidi.

Sitadanganya kwamba ilikuwa kazi nyepesi. Picha za vifungo zilikuwa nzito, akizipunguza zinakuwa na ukungu. Kifungo cheusi na cha samawati iliyokolea vilionekana ndugu pacha, mpaka akaamua kupanda na trei juu ya paa la jengo ili apate mwanga wa saa sita, upepo ukaichukua trei, tukaokota vifungo kwenye mfereji wa mtaa wa pili. Mafundi walilalamika kwamba kwenye simu hawajui ukubwa, akaweka sarafu ya shilingi mia kando ya kila kifungo, kila mtu akaelewa papo hapo. Kisha akanikalisha mimi. Alinipa simu na kusema, "Babu, tafuta kifungo cha kijani, matundu manne, cha koti." Nilipokwama, hakunielekeza, alikwenda kubadilisha ukurasa. Alikuwa na hoja kwamba ikiwa mimi nisiyejua herufi nitakipata, basi fundi yeyote wa nchi hii atakipata. Kwa wiki tatu nilikwama kila jioni, na kila siku iliyofuata ukurasa ulikuwa umesogea. Siku niliyokipata kifungo kile kwa kubonyeza mara tatu tu, nilikunywa chai yangu kimya, lakini moyoni nilijiona nimehitimu.

Sasa, mtu mwenye busara angeishia hapo. Mimi nikasema ukurasa wa mbele uwe wangu.

Dukani ninayo picha yangu ya studio, isiyo na rangi, nimevaa kofia ya pama na sicheki, ndani ya fremu nyeusi. Nilitaka picha hiyo ikae katikati, pamoja na fremu yake, na zile rangi zote za vifungo ziondolewe pale mbele kwa sababu zinapiga kelele.

"Babu, mteja akifungua anataka aone vifungo," alisema Neema.

"Mteja anataka amjue mwenye vifungo. Chini ya picha andika jina langu lote. Halafu mwaka niliozaliwa, na pembeni yake mwaka huu, watu wajue kwamba mpaka leo nipo."

"Babu, samahani, lakini hii itafanana na..."

"Itafanana na nani? Itafanana na mimi!"

Sentensi ile ilikuwa imebakiza neno moja tu, nami sikumpa nafasi ya kulitamka. Nilimwamuru pia aongeze kwamba Mzee Ombeni anawashukuru wote waliosimama naye miaka yote. Aliandika. Mimi siwezi kusoma, lakini niliitazama kwa muda mrefu nikaona imetulia, ina heshima, haina nyota hata moja.

Asubuhi ya Jumanne, siku mbili kabla ya Neema kusimama mbele ya walimu, tovuti ikawekwa hewani. Akiwa anatoka kwenda chuoni aliniambia, "Babu, usiitume kwa mtu. Nikirudi nitaituma mwenyewe, niandike na maelezo." Nikaitikia. Lakini alikwisha kunifundisha kubonyeza kile kimshale cha kutuma, na mtu aliyefundishwa jambo jipya katika umri wangu hawezi kukaa nalo tumboni. Nilibonyeza. Nikaituma kwenye kundi la mafundi, kundi la wauzaji wa mtaa wetu na kundi la ukoo kule Mwika. Bila neno hata moja, kwa kuwa maneno siwezi kuyaandika. Kilichowafikia watu wale ni picha yangu isiyo na rangi, fremu nyeusi, jina kamili na miaka miwili iliyounganishwa kwa kistari.

Kisha nikafunga duka, nikazima simu kama wanavyotaka kule kliniki ya macho Upanga, nikaenda zangu.

Kliniki walinitia dawa iliyofanya dunia nzima iwe maziwa, wakanivalisha miwani myeusi, wakanisihi nisitazame jua. Niliporudi Kariakoo alasiri, nilikuta mbele ya duka langu turubai, mikeka na mabenchi. Nikadhani ni jirani yangu Mama Zuhura, muuza bitana, amefiwa. Nasi tulivyolelewa, mtu hafiki msibani akaanza kuhoji nani kafa. Unavua kofia, unasema poleni, unakaa, habari inakufikia polepole. Nilivua kofia (hapa mjini hakuna aliyewahi kuniona bila kofia), nikasema poleni, wakasogea nikapata nafasi kwenye benchi la mwisho. Niliinamisha kichwa. Nilisikitika kwa dhati.

"Ghafla tu," alisema mtu wa mbele yangu. "Jana kaniuzia zipu, mzima."

"Mkali lakini," akajibu mwingine. "Kucheka kwake ungedhani kunalipiwa ushuru."

"Ila kifungo chake hakipasuki. Useme kweli."

"Kweli. Ninayemhurumia mimi ni yule binti, mjukuu wake. Mwezi mzima anahangaika na tovuti ya babu, babu hamwachi amalize hata sentensi."

Nilikaza kichwa chini nikijiuliza ni babu gani huyo katili ambaye ana mjukuu mwenye shida zilezile za Neema. (Msicheke. Msiba una namna yake ya kumfanya mtu awe mjinga.) Hapo ndipo Mama Zuhura alipopita na trei ya chai, akimpa kila mtu kikombe, akafika kwangu, nami nikapokea nikamwambia, "Asante, Mama Zuhura, pole sana, nani aliyetutoka?"

Trei ilianguka yote.

"La ilaha illa Allah! Mzee Ombeni!"

"Nipo. Nani amekufa?"

"Wewe!"

Mabenchi yalipinduka. Fundi mmoja mwenye mwili mkubwa aliruka mkeka akaishia kwenye marobota ya bitana. Nikavua miwani, jambo ambalo lilizidisha balaa kwa sababu dawa ilikuwa imenifanya macho yawe makubwa na meusi. Ikabidi Mama Zuhura anishike mkono, anifinye, kisha awatangazie wote: "Ana joto! Ni yeye, na amekunja uso vilevile!" Ndipo watu wakaanza kucheka, na kicheko kile kilinifuata mpaka ndani ya duka.

Niliwasha simu. Ikalia kabla sijaiweka mezani. Alikuwa mdogo wangu, Kirenga, kutoka Mwika.

"Kaka?" Sauti ilikuwa ya kunong'ona. "Unapiga kutoka wapi?"

"Umepiga wewe! Niko dukani."

"Basi ngoja niwazuie vijana," akasema. "Nimeshawaonyesha mahali, pembeni ya baba. Wamefika magotini."

Neema alikuja akikimbia kutoka kituoni, viatu mkononi, uso umelowa. Pole zilimkuta darasani, na kwa kuwa simu yangu ilikuwa imezimwa, njia nzima hakuwa na uhakika kama ni ile picha au ni kweli. Alinikumbatia, akanishika mabega akaniangalia, kisha akaketi kwenye boksi la nyuzi na kulia upya. Mwalimu wake alikuwa ameiona tovuti. Aliuliza mbele ya wenzake ni mbunifu gani anayetengeneza duka ambalo mteja akiingia anatoa pole, na akasema kama huo ndio ukurasa wa mbele, hana haja ya kufungua wa pili.

"Ulitaka kusema itafanana na nini?" nilimuuliza.

"Tangazo la tanzia, Babu."

Sikupata usingizi kwa urahisi, lakini niliamka nimekwisha kuamua. Jumatano nilimwacha Neema airudishe ile sura aliyoitaka yeye, vifungo mbele, nami sikusogea karibu na mashine. Alhamisi nilivaa koti, nikaenda naye chuoni. Mlangoni waliniambia wazazi hawaruhusiwi. Nikawajibu kwamba mimi si mzazi, mimi ni marehemu, na nimekuja kutoa ushahidi. Wakanipisha.

Mbele ya walimu wale watatu nilisimama, jambo ambalo sijawahi kulifanya mbele ya mwalimu yeyote maishani mwangu, nikasema: "Ukurasa mliouona ni wangu. Binti huyu alinikataza mara mbili, nami nikamkatiza mara mbili. Wa kwake ni huu. Mimi sijui kusoma. Niambieni kifungo chochote."

Mwalimu alitazama shati lake mwenyewe. "Cheupe, matundu mawili, kidogo."

Nikabonyeza rangi, nikabonyeza matundu, nikatafuta kilicho kidogo kuliko sarafu. Nikamgeuzia simu. Aliweka kidole juu ya kioo, akakilinganisha kile kifungo na cha kifuani pake, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, akamwambia Neema aendelee na maelezo yake. Aliendelea kwa nusu saa. Sikumkatiza hata mara moja, nanyi hamjui gharama yake.

Alifaulu. Mtaa wangu nao umefaulu kunipa jina jipya, Marehemu, na kila nikifungua duka asubuhi kuna anayeniuliza kama huko nilikotoka kuna wateja. Nimeapa kwamba sitamzuia tena mtu kumaliza sentensi yenye neno moja lililobaki.

Sasa, Neema, sikiliza, haya ni ya kutunza. Kile kidaftari chako cha michoro, wiki zile tatu za kukwama kwangu, usikichome. Ile sarafu ya shilingi mia usiitumie. Na ule ukurasa wangu wa mbele usiufute. Uweke mahali unapopajua wewe, na picha, na fremu yake nyeusi, na kofia. Mwaka wa kwanza uache kama ulivyo. Wa pili uondoe, ubaki mtupu. Siku yake ikifika utaujaza wewe, na siku hiyo uchague rangi unazotaka, hata za njano. Sitakukatiza.