Zulia Lililokunjwa kwa Jina la Bwana

Kuna watu wanaoonewa na serikali, kuna wanaoonewa na wakwe zao, halafu yupo Mama Bariki wa Sekei, anayeonewa na wacha Mungu. Jina lake ni Ruth Sumari, mzaliwa wa Kikatiti, na kazi yake ni kuuza mazulia. Si mazulia na mapazia, wala mazulia na sufuria na sare za shule, kama majirani zake wanaouza chochote ambacho bado hakijapigwa marufuku. Mazulia tu.

Ukiingia dukani kwake usidhani umeingia stoo ya mtu anayehama. Makubwa yameviringishwa kwenye mabomba ya plastiki na kulazwa. Hayasimamishwi, kwa sababu zulia ukilisimamisha kwenye kona, baada ya muda linapinda kiunoni kama mlevi anayetafuta ukuta. Yamelazwa juu ya paleti za mbao, maana ikifika Julai ule ubaridi unaoshuka kutoka Meru unapita chini ya mlango, sakafu inatoka jasho, na zulia likishanusa unyevunyevu halisahau. Utaliuza leo, kesho mteja atalirudisha akidai linanuka beberu. Ya dirishani anayabadilisha ili jua lisiyale rangi upande mmoja. Ya ukutani anayashusha mara kwa mara kuyapumzisha. Ndiyo, kuyapumzisha. Mama Bariki mwenyewe hajapumzika tangu aolewe, lakini mazulia yake yana likizo.

Katikati ya duka hutandika moja la kuonyeshea, ili watu walikanyage wajue wananunua nini. Hapo ndipo Arusha inapomshinda. Mteja anafika, anaona zulia safi, anavua viatu mlangoni kwa adabu zote, halafu hapiti juu yake! Analizunguka, mgongo ukutani, utafikiri katikati pale amelala marehemu.

"Kanyaga, baba."

"Hapana, mama. Nitalichafua."

"Sasa utajuaje kama ni laini?"

"Si naliona?"

Analiona! Mtu huyohuyo akienda kununua ng'ombe anamshika mkia, anamfungua mdomo, karibu amuulize jina la baba yake. Zulia analiangalia kwa mbali kama mlima.

Mtu mmoja tu ndiye aliyelikanyaga bila kubembelezwa: bibi mmoja wa Oldonyo Sambu anayeitwa Namnyaki. Aliletwa na mwanawe Saruni, mkulima wa maharage na viazi, ambaye alikuwa amemaliza kumjengea nyumba ya tofali yenye sakafu ya marumaru. Nyumba nzuri, makochi ndani, na bibi hataki kukaa humo. Maisha yake yote amekaa chini, juu ya ngozi ya ng'ombe, miguu ameinyoosha mbele. Kochi linamfanya ajione kama mgonjwa anayesubiri kuitwa kwa daktari, na marumaru ya upande ule wa mlima ni barafu tupu. Alimwambia mwanawe, "Nyumba yako nitakuja kuisalimia, kisha nitarudi kwangu kukaa." Kwake maana yake ni kibanda cha zamani kinachovuja, na kifua chake kilikuwa kimeshaanza kukohoa usiku kucha.

Kwa hiyo bibi akaingia dukani, akajibu shikamoo ya Mama Bariki, akaanza kukagua. Alikuwa anabonyeza kila zulia kwa kiganja kama anayepima mafuta ya kondoo. Alipofika kwenye lile la kuonyeshea, jekundu lililokoza, manyoya yamesimama, akaketi katikati yake, akanyoosha miguu, akafumba macho. Saruni akaingiwa na wasiwasi.

"Yeyo?" akamwita mama yake.

"Hili," akasema bibi, bila kufumbua macho.

Saruni akalilipia palepale. "Niwekee, mama. Jumatatu nakuja na gari, namhamisha na mizigo yake siku hiyohiyo. Bila hili zulia hahami, ameshasema."

"Nimekuwekea," akajibu Mama Bariki.

Sasa, kwa wauza maduka wengi neno hilo ni la kumfukuzia mteja. Kwa Mama Bariki ni kiapo. Akaliviringisha zulia, akalifunga kwa utepe, akalilaza peke yake kwenye paleti ya karibu na mlango. Hapo ndipo lilipoonwa na watu wa Mungu.

Ijumaa waliingia wazee watatu wa kanisa, kamati ya maandalizi ya kipaimara. Askofu anakuja Jumapili, na mbele ya madhabahu kuna sakafu tupu yenye ufa. Kiongozi wao alikuwa Mwalimu Manase, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mtu ambaye ukimsalimia kwa sarufi mbovu anakurudishia salamu yako ikiwa imesahihishwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kwa kazi ya Bwana." Akaligusa zulia jekundu kwa ncha ya kiatu. "Hili hapa linafaa."

"Hilo ni la mtu, Mwalimu. Limeshanunuliwa."

"Kwani tumesema tunalinunua? Tunaliazima."

"Sasa nitaazimishaje kitu cha mtu? Chukueni lile la bluu."

"Bluu ni rangi ya bafuni. Mama Bariki, huyo mtu wako ni mkubwa kuliko Bwana?"

Jibu swali hilo ukiwa mwanamke wa Kimeru, mbele ya wazee watatu wa kanisa lako, mlango wa duka uko wazi na majirani wamenyamaza ili wasikie. Mama Bariki akafungua mdomo, na kabla hajatoa neno Mwalimu Manase akasema, "Tuombe."

Wazee wakavua kofia. Macho yakafumbwa. Mmoja wao akaanza kumshukuru Mungu kwa ajili ya moyo wa mama huyu aliyelitoa zulia lake kwa furaha, akambariki yeye na biashara yake na uzao wake, akapita kwa wagonjwa, akawagusa wajane, akazunguka akamalizia. Na Mama Bariki, aliyepelekwa Shule ya Jumapili Kikatiti kabla hajajua kufunga vifungo, akafanya kile ambacho mdomo wake hufanya maombi yakiisha.

"Amina," akasema.

Alipofumbua macho, wazee wawili walikuwa wamekwisha kulibeba mabegani.

"Wazee wangu, mimi sijakubali!"

"Umesema Amina," akajibu Mwalimu Manase, akivaa kofia yake. "Maana yake ni na iwe hivyo."

Jamani! Kibaka akikwapua simu yako anakimbia, kwa sababu ndani yake kuna kaaibu kadogo kamebaki. Hawa waliondoka wakitembea. Mmoja alikuwa anaimba.

Mama Bariki alibaki mlangoni, mikono kichwani, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya tena, akawapigia kelele ya mwisho: "Basi mkimaliza mlikunje vizuri! Jumatatu asubuhi nalitaka hapa!"

Mlikunje. Hapo alijimaliza mwenyewe. Kwao Kikatiti mkeka unakunjwa, na kila mtu anajua kwamba unaanza upande mmoja unauviringisha hadi mwingine. Lakini shuka nalo hukunjwa. Shati hukunjwa. Barua ya posa hukunjwa. Kiswahili kimelundika vitendo vyote hivyo kwenye neno moja na kumwachia binadamu atumie akili, jambo ambalo ni hatari kwa kamati yoyote.

Jumatatu asubuhi pikapu ikasimama nje ya duka. Zulia lilikuwa nyuma, la mraba kama blanketi la hospitali. Lilikunjwa katikati, likakunjwa tena, likafungwa kwa kamba ya katani. Na kwa kuwa barabara ilikuwa na mashimo na mifupa ya wazee haitaki shida, wote watatu walikuwa wamelikalia njia nzima.

Mama Bariki alifungua kamba. Alilitandaza. Mgongo wa zulia ulikuwa umekatika gundi pale palipokunjwa, na upande wa juu manyoya yalikuwa yamelala chali, kama majani pale ng'ombe alipolala. Akayasugua kwa kiganja. Akaleta brashi. Akaweka kitambaa kibichi, akapitisha pasi ya moto juu yake. Manyoya yakainuka kidogo, yakaona mvuke umeisha, yakalala tena.

"Mmelifanya nini?" akauliza.

"Tumelikunja," akasema Mwalimu Manase. "Ulisema tulikunje."

"Kama mkeka, Mwalimu! Kulikunja kama mkeka!"

"Mkeka huviringishwa." Kidole kikapanda juu, kidole kilekile kilichowatesa wanafunzi miaka na miaka. "Kukunja ni kuleta upande mmoja juu ya upande wa pili. Ungetaka tuviringishe, ungesema viringisheni. Sisi tumetii maagizo yako neno kwa neno."

"Kuna bibi anasubiri kulikalia hili leo! Anakohoa kwenye kibanda kinachovuja, na amesema bila hili hahami."

"Basi tumwombee."

"Usithubutu!" Mama Bariki alirudi nyuma hatua nzima na kuziba mdomo wake kwa mkono. Wazee wawili wakatazama viatu vyao. Akashusha pumzi. "Mwalimu, wewe nyumbani kwako mkeka wenu mnaufanyaje?"

"Nyumbani kwangu hatuna mkeka," akasema Mwalimu, na majivuno yakamponza. "Tuna zulia."

Mama Bariki akamtazama. Bila shaka wana zulia. Alimuuzia yeye mwenyewe, jekundu lililokoza, lilitoka kwenye robota moja na hili, kiwanda kimoja, kipimo kimoja. Akafunga duka.

"Pandeni kwenye gari," akawaambia. "Na lenu hilo mlipandishe. Safari hii mtakaa chuma."

Nyumbani kwa Mwalimu Manase sebule ni ya kutazamwa. Zulia limelala katikati, na juu yake bado ipo nailoni iliyokuja nalo kutoka dukani, imebanwa kwa stuli pande zote. Watu wa nyumba hiyo hupita kandokando wakijibanza, kuanzia mwenye nyumba hadi kuku anayepotea njia. Mke wake, Mama Maria, aliwakaribisha akiwa amesimama kwenye kipande cha saruji chenye upana wa kanga.

"Shikamoo, Mama Maria," akasema Mama Bariki, na akamweleza yeye. Hakumtupia mume hata jicho. Akamweleza habari ya bibi, kibanda, marumaru, Amina, na kamba ya katani.

Mama Maria alisikiliza hadi mwisho. "Huyo bibi anakaa chini kabisa?"

"Chini kabisa."

"Atalikalia? Hataliwekea nailoni?"

"Siku nzima atalikalia. Atalilalia kama akipenda."

Mama Maria akaanza kuondoa stuli.

"Mke wangu!" Mwalimu Manase aliingia hadi katikati, akakumbuka yuko juu ya zulia, akaruka pembeni. "Hilo halijakanyagwa hata mara moja!"

"Ndiyo nasema, baba Maria. Mimi nina magoti yananiuma, kila Julai napiga maombi kwenye saruji, na zulia liko hapo limevaa koti la mvua. Acha liende kwa mwenye akili." Akaivuta nailoni, ikapiga kelele nyumba nzima. "Wazee, inameni. Taratibu. Kutoka upande huu."

Wakainama wote watatu, wakaliviringisha, na Mama Bariki akiwa juu yao akirekebisha kingo kila zilipokwenda upande. Mwalimu alitamka neno moja tu, na halikuwa Amina. Lile lenye mikunjo alikataa kabisa lishushwe. Alisema haiwezekani sebule yake iwe na kitu kibovu. Likarudi dukani.

Saruni alifika mchana, mama yake amekaa mbele na magunia nyuma. Mama Bariki hakuwaficha. Aliwaambia la kwanza limeharibiwa na hili ni pacha wake, kama hawalitaki anarudisha pesa yao. Bibi Namnyaki aliketi juu ya hilo la pili, akanyoosha miguu, akabonyeza huku na huku, akasema maneno machache ya Kimaasai.

"Anasemaje?" Mama Bariki akauliza.

"Yeyo anasema limenenepa," akajibu Saruni. "Anauliza mlikuwa mnalilisha nini."

Jioni hiyo bibi alilala kwenye nyumba ya tofali.

Ingekuwa nchi nyingine, ingeishia hapo. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, katibu wa usharika alisimama na karatasi yake. "Tunamshukuru kwa namna ya pekee mzee wetu, Mwalimu Manase, ambaye kwa moyo wa kujinyima amelitoa zulia la sebuleni kwake kwa bibi mmoja mhitaji wa Oldonyo Sambu. Tumpigie makofi."

Makofi yakapigwa. Mwalimu Manase akainuka polepole, akainamisha kichwa, uso umejaa unyenyekevu wa kukodi. Mama Maria, pembeni yake, alimtazama kama unavyotazama maziwa yaliyofurika jikoni.

Mama Bariki akanyoosha mkono.

"Una tangazo, mama?" akauliza mchungaji.

"Ninalo, Mchungaji." Akasimama. "Katibu amesahau. Mwalimu wetu ametoa mawili. La pili ni la kanisa hili, liko dukani kwangu, linasubiri kuchukuliwa. Mkilitandaza hapo mbele mtalipenda. Lina msalaba katikati, toka kona hadi kona ya jengo utauona. Wazee wetu waliuchora wenyewe, kwa makalio."

Kwaya ilikuwa ya kwanza kuangua kicheko, sauti ya besi ikifuatwa na soprano. Mchungaji akafungua kitabu cha nyimbo, akakifunga, akakifungua tena. Mwalimu Manase alikuwa bado amesimama, kidole kimepanda nusu njia.

"Asante, Mama Bariki," akasema mchungaji. "Unaweza kukaa."

"Sikai, Mchungaji. Paleti yangu naihitaji, mzigo mpya unaingia. Waseme kwanza wanakuja lini."