Kiwiko cha Kasulu

Mpira wa kikapu ukidundwa kwenye udongo mwekundu uliolowa mvua hutoa kishindo kizito, kama cha mtu anayepigwa ngumi mgongoni. Kishindo hicho ndicho kilichojaza masika yangu ya darasa la saba pale Kibondo. Ninaandika haya kwa sababu nimechoka kusikia redioni kwamba kaka yangu Gervasi, aliyelipwa mshahara miaka mingi kwa kucheza mchezo huo Dar es Salaam na ambaye sasa ni kocha mwenye jina, aliinuliwa na kipaji pamoja na baraka za wazazi. Yeye ni kifungua mimba, mimi ninamfuata, na nilikuwamo katika timu ileile. Nimeitumikia serikali hadi kustaafu, na sikuzoeshwa kuacha taarifa ya uongo ikae kwenye jalada.

Aliyetufundisha alikuwa Mwalimu Masatu, mtu wa Musoma aliyehamishiwa kwetu. Katika mazoezi alitupambanisha na watu wazima, makarani na madereva wa mjini, na hapo ndipo balaa ilipoanza. Sisi watoto wa Kiha tulilelewa kwamba kitu kilichomo mkononi mwa mkubwa hakichukuliwi. Unainama kidogo, unakinga viganja viwili, unasubiri upewe. Basi dereva mwenye ndevu alipodaka mpira, tulisimama mbele yake wote watano, viganja juu, tukingoja.

"Mnangoja nini?" Masatu aliuliza.

"Tunangoja atupe, mwalimu," Gervasi alijibu kwa heshima kabisa.

"Awape? Hii ni sadaka?"

Alituchapa fimbo za migongoni, mmoja baada ya mwingine, kisha akaturudisha uwanjani, na kila aliyesita alichapwa tena. Nililala kifudifudi majuma kadhaa. Mama alitukanda kwa maji ya moto, wala hakwenda kumlalamikia mwalimu, kwa kuwa naye alikuwa mkubwa. Polepole tukajifunza kupora. Tuliwakanyaga makarani vidole, tukawasukuma mbavuni, na walipoanguka kwenye tope Masatu alicheka hadi akakohoa.

Mwishoni mwa masika tulipandishwa lori kwenda kucheza Kasulu. Huko walikuwapo wageni wawili wa timu ya shirika moja la Dar es Salaam, wakitafuta kijana mmoja mrefu wa kuajiri. Gervasi alikuwa amekosa nafasi ya sekondari. Asipochaguliwa, angebaki kulima muhogo na baba maisha yake yote. Alijua hivyo, nasi tulijua. Hatukujua kwamba katikati ya timu ya Kasulu angesimama baba mdogo Zakaria, mdogo wake baba wa tumbo moja, bwana afya wa pale.

"Gervasi mwanangu," alisema akicheka, "mama yako hakupi ugali? Umekuwa kama ufito."

Kipindi cha kwanza chote Gervasi alimpisha. Zakaria alilitambua hilo akalitumia. Aliunyanyua mpira polepole mbele ya uso wa kaka yangu, akamwambia, "Shika adabu, mwanangu," kisha akafunga. Watu wa Kasulu walishika matumbo kwa kicheko. Wakati wa mapumziko Masatu alimzaba Gervasi kofi mbele ya uwanja mzima.

"Wageni wanatazama. Unataka kazi au unataka radhi?"

Mpira wa kwanza wa kipindi cha pili ulipogonga chuma cha kikapu, yeye na Zakaria waliruka pamoja. Nilikuwa karibu nao. Kaka alizungusha kiwiko akiwa angali hewani, kwa makusudi, akijua kinakokwenda. Nilisikia meno. Zakaria alianguka chali, damu ikamjaa mdomoni na kulowesha fulana yote. Mwamuzi alipuliza filimbi, akatoa adhabu ya kawaida.

Zakaria aliketi, akatema jino, akamtazama. "Kijana," alisema, "umenipiga."

Hakumwita mwanangu tena. Gervasi aligeuka akaenda kudaka mipira, akadaka yote, akiwarusha wanaume chini kama magunia. Tulishinda. Wageni wakamwita pembeni, wakamwambia gari lao lingepita Kibondo alfajiri kumchukua.

Nyumbani baba alimpiga kwa mpini wa jembe hadi ukakatika. Kisha akaketi akihema, akasema, "Asubuhi tunakwenda Kasulu na pombe ya ndizi. Utampigia magoti." Gervasi, mkono mmoja umevimba, aliitikia ndiyo. Kulipopambazuka, kitanda chake kilikuwa kitupu.

Yaliyofuata yanajulikana: mishahara, makombe, pua za watu alizovunja, goti lake lililovunjwa, hatimaye ukocha. Magoti yale hayakupigwa kamwe.

Mwaka huu tumemzika baba mdogo Zakaria kule kijijini Kumsenga. Gervasi alikuja na gari kubwa, vijana wakapanga foleni kupiga naye picha. Wapo wanaosema tumestaarabika kwa kuwa hakuna aliyempigia kelele. Napinga. Baba alipomvunjia mpini alikuwa akimwadhibu mwanawe, na siku ya pili angemsindikiza kwa miguu yake kwenda kuomba msamaha. Safari hii walimwekea kiti cha mbele na soda ya baridi, wakamwita Mheshimiwa Kocha. Wakati wa kufukia, watoto wa ukoo waliitwa kwa majina, mkubwa kwanza, kila mmoja atupe udongo wake. Msemaji wa ukoo alianza na jina langu.