Mkunga Aliyezalisha Stata

Kwa miezi minne, mtaa wa kina Evelio Machado pale Placetas, Kuba, ulianza siku kwa kusukuma gari. Stata, ile mota ndogo ya kuwashia injini, ilikuwa imekufa. Kila asubuhi Evelio alisimama katikati ya barabara, akapiga makofi mawili na kuita, "Haya jamani, dakika moja tu!" Mwezi wa kwanza walitoka watu wanane wakicheka. Mwezi wa pili wakatoka wanne, na hakuna aliyecheka. Kufikia mwezi wa nne, makofi yakisikika tu, madirisha yalifungwa moja baada ya jingine, na Ulises kinyozi, jitu la futi sita, alikutwa na mkewe amejibanza nyuma ya pipa la maji uani, amezuia pumzi.

Eduvigis Quesada, ambaye watu walimwita Bi Vigi, hakuwahi kusukuma hata siku moja. Alikuwa na miaka sabini na moja na goti bovu. Isitoshe, yeye na Evelio hawakuwa wakisemeshana. Bi Vigi alikuwa mkunga aliyestaafu, na nusu ya waliosukuma lile gari walikuja duniani kupitia mikononi mwake. Binti wa kwanza wa Evelio, Yusimí, alizaliwa nyumbani, siku ya mafuriko, mto ulipokata barabara ya hospitali. Mtoto alipoanza kutokeza, Evelio alisema, "Naona vizuri tu," kisha akaanguka kama gunia la viazi, akapasua beseni kwa kichwa chake. Bi Vigi aliisimulia habari hiyo kwenye harusi, kwenye misiba, na kwenye foleni ya mkate. Evelio alinuna. Tangu siku hiyo, miaka kumi na tisa, wakikutana njiani yeye aliangalia juu kana kwamba anatazamia mvua.

Gari lenyewe lilikuwa la Kimarekani, la enzi za ujana wa babake, lakini injini yake ya asili ilikwisha kitambo. Evelio alilipachikia ya dizeli, iliyotoka kwenye pampu ya maji ya shamba la miwa. Aliiingiza kwa winchi, nyundo na matusi, nayo ikakaa humo ndani kama shangazi mnene aliyekalia kiti cha mtoto. Stata ilibanwa kati ya injini na ukuta wa mbele wa kabini. Ilishikwa na boliti tatu. Mbili ungeweza kuzifikia ukilala chini ya gari. Ya tatu ilikuwa juu, nyuma, gizani, na hakuna jicho la binadamu lililowahi kuiona tangu injini iingie.

"Si uite fundi," mkewe, Noraima, alimwambia.

"Fundi gani? Mimi ndiye niliyeiweka."

"Ndiyo maana nakwambia uite fundi."

Jumamosi moja Evelio aliamua yaishe. Stata nyingine alikuwa ameshaipata, imesukwa upya waya zake, inang'aa juu ya gazeti. Alichomoa betri, akafungua boliti mbili za chini kabla hata kahawa haijapoa, kisha akapanda juu ya bampa, akaingiza mkono wa kulia nyuma ya injini hadi begani, na spana namba kumi na saba kiganjani.

Robo saa baadaye Noraima alisikia akiitwa kwa sauti ya upole, sauti ambayo mumewe hakuwa nayo. Akajua kuna balaa.

"Mama Yusimí," Evelio alisema, shavu limelalia kifuniko cha injini, "njoo hapa kidogo. Usipige kelele."

Mkono ulikuwa umekwama.

Noraima akapiga kelele, na madirisha yote yaliyokuwa yakifungwa kila asubuhi yakafunguka. Watu wakajaa. Kila mtu akaja na ushauri wake: mmoja akataka sabuni, mwingine akataka msumeno, na alipoulizwa msumeno wa kukata nini, akasema hilo litaamuliwa baadaye. Ulises akamshika Evelio kiunoni na kuvuta. Evelio akatoa mlio uliowatoa njiwa kwenye paa la kanisa.

Bi Vigi alikuwa barazani kwake, anachambua maharage meusi. Alijizuia kadiri alivyoweza. Lakini mlio ule ulikuwa wa kazi yake, na miguu ikamnyanyua yenyewe. Alivuka barabara akichechemea, watu wakampisha.

"Ulises, muachie," alisema. "Unamvuta kama ng'ombe kwenye matope. Utamng'oa bega."

Evelio alisikia sauti ile, akafumba macho. "Mtu yeyote," alinong'ona. "Mtu yeyote ila huyu."

"Nami nakusalimu pia, jirani. Noraima, mwanangu, niletee mafuta ya nguruwe. Na maji moto."

"Maji moto ya nini?" Noraima aliuliza.

"Ya kunawa. Nitamshika hivi hivi nina vumbi la maharage?"

Alinawa mpaka viwikoni, akajipaka mafuta, akapanda juu ya kreti huku Ulises akimshikilia. Mikono yake ilikuwa midogo, myembamba, vidole virefu kidogo kuliko vinavyotakiwa. Akaupitisha mmoja taratibu kando ya mkono wa Evelio, akafumba macho.

"Hmm," alisema. "Ngumi umeikunja."

"Nimeshika spana."

"Basi iachie."

"Siachii! Ikianguka humo haitoki tena. Ndiyo namba kumi na saba pekee mtaa mzima."

"Tena ni yangu," Ulises aliongeza kwa nyuma.

"Evelio, nisikilize. Kiganja kikifunguka, kinapita. Kikikunjwa, utalala hapa, utakula hapa, na Noraima atakuogeshea hapa. Mimi naishika spana kwa huku. Unanisikia? Pumua. Usivute! Nani kakwambia uvute? Nikikuambia ndiyo uvute."

"Bi Vigi, nakuomba," Evelio alisema, na sasa sauti ilikuwa ndogo kabisa, "ile habari ya beseni usiisimulie leo."

Kule nyuma mtu akaguna kwa kicheko. Bi Vigi aligeuza kichwa, akawatazama, mkono wake ukiwa bado ndani. Angeweza kuisimulia. Alikuwa na watu arobaini mbele yake, na mwenye habari amefungwa asikimbie. Ulimi ulimwasha kweli kweli. Lakini vidoleni alihisi mapigo ya mkono wa yule mwanamume yakienda mbio kama ya ndege, akakumbuka jambo.

"Huyu alianguka, ndiyo," aliwaambia. "Ila alikuwa hajalala siku mbili. Alimbeba mkewe mgongoni kutoka darajani, maji yamemfika kifuani, na hakuketi mpaka nilipofika. Hiyo nusu sikuwahi kuisema, kwa sababu haichekeshi. Haya, vuta! Polepole. Bega kwanza!"

Mkono ukatoka, umechubuka, mweusi kwa mafuta, na vidole vyote vitano. Noraima akaubusu, kisha akaupiga kofi. Evelio alishuka, akasimama akimtazama Bi Vigi.

Bi Vigi hakuwa akimtazama. Mkono wake ulikuwa bado ndani.

"Kuna kitu hapa," alisema. "Kichwa chenye pembe sita."

"Ndiyo yenyewe!" Evelio alidakia. "Ndiyo boliti! Hatimaye kuna mtu aliyeifikia!"

"Imegeuka vibaya, imeegemea ukuta. Nifanyeje?"

"Vesha spana, zungusha kuelekea kwa Ulises. Robo tu, kisha unaitoa, unaivesha tena."

Akavesha. Boliti haikutikisika. Akaanza kuongea nayo kwa sauti ya chini, maneno aliyowaambia wanawake wa Placetas kwa miaka thelathini na minne: haya mama, kidogo tena, usiogope, tupo wote hapa. Wanawake wawili katika kundi walianza kupumua kwa pamoja bila kujijua. Ghafla kikasikika kilio kikali cha chuma.

"Imelia!" Ulises alipaza sauti. "Imelia, jamani!"

Dakika ishirini baadaye boliti ilikuwa kiganjani mwake, fupi, yenye kutu. Evelio aliteleza chini ya gari, akaidaka stata mfu, akaitoa. Watu wakashangilia. Bi Vigi alikwishaanza kufuta mikono pale Evelio alipokohoa.

"Sasa, Bi Vigi, hiyo boliti inarudi."

"Inarudi wapi?"

"Pale pale ilipotoka. Kwa ajili ya stata mpya."

Bi Vigi alimkazia macho. "Evelio, mimi nimefanya kazi miaka mingi. Hakuna kitu nilichokitoa kikahitaji kurudishwa."

Lakini aliirudisha, na kuirudisha kulichukua muda mara mbili ya kuitoa. Aliidondosha mara tatu, na mara ya tatu alitoa neno ambalo hakuna aliyedhani analijua. Ilipokaza, Evelio akaunga betri, akaingia ndani, akazungusha ufunguo. Injini iliguna, ikatoa wingu jeusi lililozifunika nguo za Noraima kwenye kamba, ikanguruma. Wakubwa kwa wadogo walirukaruka barabarani. Ulises alilia machozi, akasema ni moshi.

Habari ilienea. Kufikia mwezi uliofuata watu walikuja kutoka Remedios na Cabaiguán, kila mmoja na boliti yake isiyoshikika. Bi Vigi aliweka masharti: asubuhi tu, injini iwe baridi, kahawa iwepo, na mwenye gari asisimame nyuma yake akihema. Lori moja alilipapasa, akatikisa kichwa na kumwambia mwenye gari, "Huyu ni wa upasuaji, baba. Toa injini yote."

Evelio ndiye aliyemshikia tochi na kumpa spana. Walibishana toka saa mbili mpaka saa sita.

"Kumi na tatu," Bi Vigi alisema, macho amefumba.

"Hiyo ni kumi na nne, naijua."

"Unaijua wewe, umeishika?"

"Sijaishika, lakini—"

"Basi lete kumi na tatu, na uinue hiyo tochi. Unanimulika sikio."