Mayai ya Bibi Yangu Yalikomaa, Mimi Nikakosa cha Kutoa

Kosa ni langu, ndugu zangu, na sina wa kumusukumia. Nilimudanganya daktari, nikamwacha bibi yangu abebe aibu yangu.

Nitamwita Kavira, ingawa si jina lake. Tulikaa miaka katika ndoa bila mutoto. Mwishowe tukatoka kwetu Goma, tukavuka mupaka, tukaenda hospitali moja ya Kigali. Daktari akaeleza kwamba mayai ya Kavira hayakomai tumboni. Wangeyatoa yakiwa bado machanga, wayakomaze katika labo, kisha wayatungishe kwa mbegu zangu.

"Na wewe, papa, ulishapimwa?" akaniuliza.

"Nilipimwa Goma. Niko sawa."

Sikuwa nimepimwa popote. Mutu mwenye kifua kama changu apimwe nini?

Tuliporudi Goma kungoja siku yetu, nikageuka profesa. Kila niliyekunywa naye bia pale mutaani Ndosho nilimufundisha: mayai ya bibi yangu ni kama ndizi za kijani, madaktari watayavumbika yaive. Watu walicheka, kisha wakanipa pole. Mama yangu akaanza kumusalimia Kavira kwa nusu mudomo.

Siku ikafika. Walimutoa mayai, akaumia, hakulalamika. Yalipokomaa, daktari alituita akiwa na furaha.

"Yamekuja vizuri. Sasa, papa, ni zamu yako."

Nikapokea kikopo, nikaingia chumbani nikitembea kama gavana.

Baadaye daktari akarudi, uso umebadilika. "Papa, humu hamuna mbegu hata moja. Kule Goma walikupima nini?"

Kavira ndiye aliyejibu, polepole: "Hakupimwa, docteur. Na mimi nimejua sasa hivi."

Daktari akasema pengine ningetibiwa, kama ningesema ukweli mapema. Mayai yale yaliyopatikana kwa shida yakakosa mbegu, yote yakatupwa.

Kavira alirudi kwao Butembo. Hakumwambia mutu. Huku Goma, mutaani kwetu Katoyi, wanasema nilivumilia sana, maskini. Mama yangu ananitafutia bibi mwingine huko Masisi, na mimi bado sijafungua mudomo. Hata hapa munaona sikuweka jina.

Wanaume wenzangu, mupimwe kwanza, ndipo museme. Na wewe, dada, wakikuletea posa kutoka Katoyi, muulize huyo bwana kama alishapimwa. Akikasirika, ujue ni mimi.