Viazi Kwenye Lori la Plastiki

Mimi nilidhani mwanaume mzima akianza kuchezea vigari vya plastiki, kinachofuata ni kumwita padri. Nilimwambia hivyo Evariste Kasereka usoni. Tulikuwa tumepanga kiwanja kimoja hapa Keshero, mjini Goma, kati ya chumba changu na chake kulikuwa na ukuta wa mbao tu, na mtu ambaye kila asubuhi unamsikia akikohoa huna haja ya kumzungusha kwa maneno. Alicheka kidogo, akaendelea kukwangua kipande chake kwa wembe.

Evariste ni dereva. Alisema "mimi ni dereva" hata wakati ule, ingawa kazi iliyomlisha ilikuwa kulinda geti la ofisi moja huko Himbi. Kwao ni Butembo. Kwa miaka mingi aliendesha lori kutoka kwao hadi Goma na kurudi, na lori lenyewe halikuwa la kawaida. Lilizaliwa askari huko Ulaya, likastaafu, likauzwa, likavuka bahari, likapakwa bluu juu ya kijani chake, na Evariste akaliandika kipajini neno la Kinande, lugha ya kwao, WASINGYA, yaani asante. Mahali ambapo malori mengine yalilala kwenye tope hadi abiria wakaoana, hilo lilipita likinguruma. Hayo ya kuoana ni maneno yake, mimi sikuwepo.

Kisha vita ikafunga njia, naye yuko Goma ameshusha mzigo. Haikupita muda wakaja watu wenye bunduki wakaliazima lori. Hawakusema watalirudisha lini, na mtu mwenye bunduki humuulizi. Basi mstaafu akaandikwa tena jeshini, na dereva wake akabaki hapa na jozi ya viatu vya njia, mkewe Masika na binti yao Exaucée wako Butembo.

Nisije nikaonekana simhurumii. Namhurumia, lakini huruma yangu ina hasira ndani yake, kwa sababu watu wanaenda Butembo kila wiki. Unavuka mpaka hapo Gisenyi, unaikata Rwanda, unapanda Uganda, unaingia tena Kongo kwa Kasindi, halafu Beni, halafu umefika. Ni kuzunguka nchi za watu ili uingie jikoni kwako, lakini watu wanafika. Yeye alikataa.

"Mama Ismael," aliniambia, "mi nilitoka na kamyo, nitarudi na kamyo. Mudereva anashuka mu kamyo yake. Hashuke ku basi na kasashe ka plastiki mu mukono, bengine bako banamuangalia."

"Na bibi yako anangojea kamyo ao anangojea bwana?"

Alichukua ndoo akaenda kuchota maji, na ndoo ilikuwa imejaa.

Wahenga walisema subira yavuta heri. Labda. Mimi niliyoiona kwake ilikuwa inavuta mvi. Zamani Masika alikuwa akimpigia kila Jumapili baada ya misa, na sauti yake ilipita kwenye mbao zetu kama vile yupo chumbani. Mara ya mwisho nilimsikia akisema polepole, bila kugomba, "Mi sikuolewa na kamyo, Papa Exaucée." Tangu hapo, Evariste akipiga, anapokea binti: mama yuko shamba. Shamba gani hilo linalolimwa hata Jumapili, na wale ni Wakatoliki? Evariste alijua, na mimi nilijua. Mke alikuwa anachoka, na mke aliyechoka namna hiyo hapigi kelele. Anazoea tu kuishi bila wewe.

Ni katika siku hizo lile boksi lilipoingia kiwanjani. Kule Himbi kulikuwa na kijana mmoja wa Lubumbashi, Aubin, aliyesimamia bohari na magari ya ofisi. Huyo alipenda kuunganisha magari ya plastiki, yale yanayokuja yamekatwakatwa vipande vidogo, vimeshikiliwa kwenye fremu zake, na karatasi ya michoro ya kukuelekeza. Kazi yake ilipofungwa akawa anapanga mizigo ya kurudi kwao, na Evariste, akimsaidia kubeba, aliona boksi lenye picha ya lori la jeshi la magurudumu sita. Akaliweka chini. Akasema, "Hii ni yangu." Aubin alidhani anadai kitu chake. Alipoelewa, akampa.

Nilimwona akirudi amelibeba kifuani kwa mikono miwili, kama mtu aliyetoka kubatiza mtoto.

Gundi ya ndani ya boksi ilikuwa imekauka, akanunua ile ya dukani inayogandisha hata vidole. Kingo alizisugua kwa kijiwe cha lava, maana hapa mawe hayo ndiyo tunayoyakanyaga, hakuna wa kukunyima. Bluu aliipata kwa fundi aliyekuwa anapaka geti la jirani. Taa za nyuma alikuja kuziomba kwangu: rangi yangu nyekundu ya kucha, niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya Idi. Nilimpa huku nikinung'unika. Askari wa plastiki waliokuja na lori, pamoja na bunduki yao kubwa ya kufunga juu ya kabini, aliwaacha kwenye boksi.

"Balishaikamata mara moja," alisema. "Inatosha."

Alimchukua mmoja tu, yule aliyeumbwa ameketi na mikono kwenye usukani. Akamkata kofia ya chuma, akampaka shati jeupe. Hakumgandisha kwenye kiti. Alimwegesha tu, akasema dereva lazima aweze kushuka kukagua matairi.

Nilianza kukaa naye jioni nikichambua mchele, bila kupenda kukiri kwamba nimevutiwa. Kila kipande kilikuwa na hadithi. Bampa aliipinda kwa moto wa mshumaa, maana Wasingya aliwahi kugonga ukuta huko Kirumba. Kioo kimoja akakitia ufa. Lakini alipofika kwenye magurudumu alikwama. Alitaka tope, na tope la Goma ni jeusi. La kwao ni jekundu. Akaingia chumbani akatoka na vile viatu vya njia.

Alikuwa hajawahi kuvisafisha. Mimi siku zote nilidhani ni uvivu. Chini ya soli, kwenye mikunjo, kulikuwa na udongo mwekundu uliokauka, wa safari ya mwisho. Aliukwangua kwa ncha ya wembe juu ya sahani, taratibu, hata punje isimponyoke, akauponda, akauchanganya na gundi, akaupaka magurudumu yote sita na chini ya milango. Mimi nikaangalia mchele wangu.

Mwisho ulikuja mzigo. Nilishona mwenyewe vigunia kutoka kwenye gunia bovu, tukavijaza uwele, akavigandisha safu kwa safu: viazi vya Lubero. Juu yake akafinyanga mikungu ya ndizi kwa nta, akaipaka kijani, na pembeni akafunga vijiti kuwa mbao. Lori lilijaa hadi likaonekana linalalamika. Aliliweka juu ya jiwe uani, akarudi nyuma hatua kadhaa, akalitazama akiwa ameshika kiuno.

"Mama Ismael, piga foto. Umutumie Masika. Akiiona hii atanijibu."

Simu yake ni ile ya tochi, haipigi picha. Basi nilipiga kwa yangu, mbele, ubavuni, na magurudumu kwa karibu, nikazituma kwenye simu ya Exaucée. Evariste alikaa kwenye kizingiti changu akingoja. Mimi najua kungoja simu, mwanangu Ismael yuko Kindu, lakini sijawahi kumwona mtu akingoja namna ile. Chai niliyomwekea ilipoa, nikaimwaga, nikamwekea nyingine.

Jibu lilikuja kama sauti iliyorekodiwa. Nikaifungua tusikie wote.

"Papa Exaucée, nimeiona. Ni muzuri sana. Ile tope ni ya huku, nimeijua." Masika akavuta pumzi. "Lakini umeipakia biazi. Umeipakia bitoke. Kamyo yenye biazi inatoka huku kwetu, inashuka Goma. Ile ya kurudi ilikuwa inaniletea samaki ya sambaza na sukari na chumbi, mi nilikuwa naisikia harufu mbele ya kusikia moteri. Miaka yote hii niko nangojea, na hata ile ya plastiki, umeijenga ikiwa inaniacha."

Sauti ikaisha hapo.

Aliniomba niirudie. Nikairudia. Aliomba tena, nikakataa, maana mtu hajikandi kidonda. Alitazama lori lake kwa muda mrefu, na mimi nikalitazama, nikashangaa jinsi tulivyokaa jioni zote zile, watu wazima wawili, tukishona vigunia vya viazi bila kuona. Hapa Goma sisi tulilijua lori hilo likifika. Sisi ndio tuliokuwa tunakula viazi vyake. Yeye naye, kwa kuishi huku muda mrefu, alikuwa ameanza kulikumbuka kwa macho yetu.

"Ana haki," alisema. Machozi yalimtoka wazi wazi, wala hakuyafuta. "Nimesahau kuangalia ku upande yake."

Kesho yake hakwenda kazini asubuhi, alibadilishana zamu na mwenzake. Nilimkuta uani anashusha mzigo. Ile gundi haina utani: kila kigunia kilichotoka kiling'oa na ngozi ya plastiki, na sakafu ya lori ikabaki na makovu. Alipomaliza akaniomba nguo kuukuu ya kushona magunia mengine, ya sukari na chumvi.

"Na sambaza?" nilimuuliza.

Hilo hakuwa amelifikiria. Niliingia jikoni nikamletea sambaza mmoja mkavu kutoka kwenye bakuli langu. Alimlaza kwenye lori. Kichwa kiligusa kabini, mkia ukatokeza nyuma. Samaki mmoja, mzigo umekwisha. Na dereva wa plastiki ameketi mbele bila habari, amebeba nyangumi.

Tulicheka. Nilicheka hadi nikaketi chini. Halafu yeye akaacha kucheka kabla yangu, akamtoa yule sambaza, akamshika kwenye kiganja, akamnusa.

"Hii haiwezi kuingia humu," alisema.

"Naona."

"Hapana, Mama Ismael. Hata ningetengeneza ya udongo, ndogo-ndogo, haitakuwa na harufu." Akatazama upande wa geti. "Sambaza inapaswa kupelekwa na mutu."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nilikuwa nimelisema hilo kwa namna zote ninazozijua, likamgonga likaanguka. Wakati huu nilifunga mdomo wangu, jambo ambalo majirani hawataliamini, nikaenda kumtafutia gunia.

Alinunua sambaza kwa wanawake wa ufukweni, wale waliokaushwa vizuri hadi wanalia wakitikiswa. Akatia na chumvi na sukari. Kule Himbi akaaga kazi. Siku ya kuondoka alivaa shati jeupe, viatu vya njia miguuni, gunia begani. Nilimsindikiza hadi walipo wenye pikipiki wanaokwenda mpakani.

"Watakuangalia ukishuka kwenye basi," nilimwambia, kwa sababu sikutaka kulia.

"Baangalie," alisema.

Niliporudi nilikuta ameniachia lori juu ya meza yangu, limefunikwa kwa kitambaa. Sakafu ya nyuma tupu, yenye makovu. Kipaji kimeandikwa WASINGYA kwa herufi ndogo ambazo sijui alizichora lini. Nilimlaumu moyoni: umejenga kwa machozi halafu unaacha. Nilidhani ameogopa lisivunjike njiani, au walinzi wa mipaka wasije wakamuuliza gari la jeshi ni la nani.

Siku zikapita bila habari, nami nikawa mimi wa kukaa kizingitini. Kisha simu ikalia, sauti kutoka kwa Exaucée, lakini aliyesema ni Masika. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wengi na kuku.

"Mama Ismael, amefika. Ameshukia ku parkingi, badereva wote banamuangalia, ana gunia ku bega. Mi nilikuwa nauzisha hapo karibu, nikasikia harufu ya sambaza. Sikugeuka. Nilisema moyo wangu unanidanganya tena." Hapo nikasikia mwanaume akikohoa. Kikohozi hicho nakijua. "Ametoa kitu mu mufuko ya shati akaniwekea mu mukono. Kamutu kamoja ka plastiki, kadogo, kamekaa. Akaniambia, Masika, kamyo iko ingali mu njia. Mudereva amefika."

Niliinuka nikafungua mlango mdogo wa kabini kwa ukucha. Kiti kilikuwa kitupu.

Lori bado liko mezani kwangu, limegeuza uso upande wa kaskazini, iliko Butembo. Upande wa pili wa mbao siku hizi hakuna anayekohoa asubuhi, na kumbe kikohozi cha mtu nacho unaweza kukitamani. Kila Ijumaa nikifuta vumbi nalifuta na lenyewe, bluu yote, taa zake za rangi yangu ya kucha. Magurudumu siyagusi.