Mikono ya Shemeji Yakobo

Shemeji yangu Yakobo alikuwa mtu wa maneno machache, na sisi nyumbani tulimhesabia hilo kuwa ni upole. Ni Mbembe wa ng'ambo, upande wa Fizi, mmoja wa wale waliovuka ziwa vita ilipowaka kule Kongo. Alipotoka kambi ya wakimbizi alikuja Ujiji, akajishikiza mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inaposhushia samaki, kuziba nyavu zilizochanika. Dada yangu Leonia alimkuta hapo. Dada alikuwa akianika dagaa. Aliniambia alimpenda kwa sababu ndiye mwanamume pekee pale mwaloni aliyemwangalia usoni anapoongea, tena akangoja mpaka amalize.

Walioana, wakapanga vyumba viwili Kasingirima. Mimba ya kwanza ya dada ilitoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu ilikua mpaka tukaanza kukusanya vikanga vya mtoto, nayo ikatoka. Mama yetu alikuja kutoka Kasulu na maneno yake ameyapanga, kwamba kama mkwe anataka kuoa mwingine aseme tu, watu wakae waelewane. Yakobo alimsikiliza, halafu akasema kwa ile lafudhi yao ya ng'ambo:

"Mama, mimi sikumuoa Leonia anizalie. Nilimuoa awe mke wangu. Mutoto akija, sawa. Asipokuja, mimi sidai mtu."

Dada alitoka nje akalia kwa furaha. Mwanamume gani wa kwetu angesema vile mbele ya mkwewe? Miaka ikapita, karibu ishirini. Mtaani wenzake wakawa Mama Happiness, Mama Bariki, yeye akabaki Leonia. Akipata uchungu wa hilo alikuwa akiniambia, "Agnesi, Mungu kaninyima mtoto, lakini mume kanipa." Aliishi kwa neno lile la Yakobo.

Mimi nauza mawese soko la Ujiji, na meza ya dagaa ya dada iko ubavuni mwangu. Siku moja, baada ya adhuhuri, kelele zilizuka upande wa vitunguu. Tulikwenda kuangalia. Watu walikuwa wamemzunguka mtoto wa kike wa miaka minane au tisa hivi, amevaa sweta la shule. Alikuwa amevuta kitenge cha mwanamke mmoja, akavuta na cha mwingine, na kila akitazamwa usoni anaruka nyuma kama aliyeungua. Wengine wakasema ana mapepo. Wengine wakasema hao ndio wanaotumwa kuchomoa simu. Mwinshehe muuza vitunguu, mtu mwema kabisa, alikuwa amemshika mkono asitoroke, anamwinamia na kumuuliza, "Unaitwa nani? Baba yako nani?" Mtoto asipojibu, anapandisha sauti. Mwishowe alikuwa anampigia makelele sikioni. Mtoto akatoa sauti nzito, kama ya mtu anayesongwa, na watu wakarudi nyuma.

Yakobo alikuwa amefika na baiskeli kumletea dada mfuko wa dagaa. Niliona anaangalia juu ya mabega ya watu. Baiskeli akaiachia, ikaanguka, dagaa wakamwagika njiani, hakugeuka. Akapenya katikati.

"Muache," alimwambia Mwinshehe. "Huyu mutoto hasikii."

Akapiga magoti kwenye tope, akajisogeza mpaka jua likampiga usoni ili aonekane vizuri. Akamgusa mtoto begani. Alipotazamwa akainua mikono, akaanza kusema nayo.

Sijui niieleze vipi. Hakuwa anaashiria kama sisi tunavyomwashiria bubu, njoo, kula, nenda. Vidole vilikuwa vinakwenda mbio, kifuani, kidevuni, hewani, na uso wake wote unakwenda navyo, nyusi, midomo, macho. Ule uso wa Yakobo ambao mimi niliuzoea kama ukuta! Mtoto alimkodolea. Halafu na yeye akaanza, mikono miwili midogo, haraka, machozi yanamtoka huku anasema. Mahali pengine hawakuelewana, Yakobo akatikisa kichwa, wakatafuta alama nyingine. Mara moja mtoto alionyesha kitu, Yakobo akacheka. Alicheka kwa sauti. Nilimgeukia dada nione kama naye amesikia. Alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

"Amekuja na shangazi yake kutoka Ilagala," Yakobo alituambia, bado amepiga magoti. "Shangazi ni mnene, amevaa njano, amenunua ndoo. Mutafute mwenye ndoo."

Tulimpata, analia huko stendi. Jina lake Skolastika. Alimkumbatia mtoto, kisha akamshika Yakobo mikono yote miwili.

"Sisi nyumbani tunamwonyesha tu kwa vidole, kula, lala. Lugha yenyewe anafundishwa shule, sisi hatuijui. Wewe baba umeijulia wapi? Na wewe unaye wa hivi?"

Yakobo hakumtazama dada. Alimtazama mtoto.

"Nilikuwa naye," alisema.

Tulirudi Kasingirima watatu. Nilitaka kupitiliza kwangu, dada akanishika mkono, "Ingia." Yakobo alikaa kwenye kigoda. Dada alisimama.

"Nani huyo uliyekuwa naye?"

"Binti yangu. Elida."

"Kwa nani?"

"Marehemu mke wangu, Mapendo. Alikufa Elida hajaanza kutembea."

Dada alikaa chini sakafuni. Yakobo akaeleza, polepole, na mimi nilikuwa naona mikono yake inataka kuinuka kila akitaja jina la mtoto, anaikandamiza magotini.

Elida alizaliwa hasikii. Kulikuwa na shule ndogo ya kanisa ya watoto wa namna hiyo kule kwao ng'ambo, mji wa Baraka, na mwalimu wao, Feliksi, na yeye alikuwa kiziwi. Yakobo alimpeleka mtoto, akaona hawezi kumwacha, akaomba kazi ya kupasua kuni pale pale. Jioni alikuwa anakaa nyuma ya darasa na kujifunza pamoja na watoto. Miaka ilipita hivyo. Likizo moja alimrudisha kijijini kwao, kusini, pwani ya ziwa. Asubuhi moja ya siku ya gulio risasi zikaanza. Watu wote wakakimbilia mitumbwi.

"Nilikuwa nimemushika mukono. Watu wakatusukuma. Mukono ukatoka." Alifungua kiganja akakitazama. "Nikageuka, nikamuita."

Dada alimtazama.

"Nilimuita, Leonia. Elida! Elida! Niliita mpaka sauti ikakauka. Mutoto hasikii, mimi baba yake ninajua hasikii, mimi nimeishi miaka yote bila kumuita kwa mudomo hata siku moja, na siku ile nikamuita. Ningepanda juu ya mutumbwi nikainua mikono, angeniona. Alikuwa anageuka huku na huku ananitafuta. Mimi nilikuwa ninapiga kelele tu kama watu wote."

Watu walimvuta ndani ya mtumbwi, ukasukumwa. Kambini aliandikisha jina la mtoto kwa wale wanaotafuta waliopotea. Walimuuliza, mtoto akiulizwa jina atajibu? Akasema hapana. Hakuna aliyerudi na habari. Baadaye akaacha kuuliza, na mikono nayo akaiachisha kusema.

"Kwa nini hukuniambia?" dada aliuliza.

"Ningekuambia nini? Kwamba nilikuwa na mutoto nikamupoteza kwa ujinga?"

"Na siku ile mama alipokuja? Uliposema hudai?"

Yakobo aliinama, akaanza kukwangua tope lililomkaukia magotini.

"Yakobo, siku ile ulisema vile kwa ajili yangu, au kwa ajili yake?"

"Niliona Mungu ana haki," alisema. "Mutu kama mimi asipewe tena."

Hapo dada akainuka. Hakupiga kelele. Alichukua kanga mbili, akaja kwangu, akakaa majuma kadhaa. Alikuwa anakwenda sokoni na kurudi, anakula kidogo. Mimi nilidhani amekasirika kwa sababu ya yule mke wa kwanza, nikajaribu kumtuliza, nikamwambia aliyekufa haonewi wivu. Akanitazama kama mjinga.

"Mimi nimelia mimba tatu, Agnesi. Peke yangu, maana yeye nilimwona mwamba, nikaona aibu kulia mbele yake. Kumbe kila nilipolia yeye alikuwa anahesabu adhabu yake. Na mtoto alikuwapo! Mimi nilikuwa na mtoto wa kumtafuta. Ningevuka hata kwa miguu."

Siku ya Jumapili alitoka kanisani akaenda moja kwa moja nyumbani kwake. Alimkuta Yakobo mlangoni. Alimwambia neno moja tu, "Twende Baraka."

Waliondoka bandari ya Kibirizi na boti ya mizigo. Niliyoyasikia ya kule ni ya dada, Yakobo hajanisimulia.

Shule ilikuwapo, imeongezwa darasa. Mpishi, mwanamke mzee anayeitwa Recho, alikuwa anapepeta mchele uani. Aliinua kichwa, akaweka ungo chini, akasema, "Baba Elida."

Yakobo akaitika, "Naam." Mara moja, bila kufikiri. Dada anasema katika yote aliyoyaona safari ile, hilo ndilo lililomkata. Alikuwa ameishi na Baba Elida miaka yote hiyo, na yeye ndiye mtu pekee asiyejua jina la mumewe.

Mwalimu Feliksi aliitwa, mzee sasa, mvi kichwa kizima. Waliongea na Yakobo kwa mikono, wamesimama, na dada akawa anasoma habari usoni mwa mume wake kabla ya kuambiwa. Aliona uso unafunguka. Kisha akaona unafungwa. Recho akamweleza pembeni kwa mdomo.

Elida hakufa siku ile ya risasi. Wanawake fulani waliokuwa wanakimbilia kaskazini walimchukua. Alipofika Baraka aliwaachia mikono, akaenda mwenyewe mpaka mlango wa shule, maana ndiyo njia aliyoijua. Akakulia hapo. Akajua kushona, akawa anawafundisha wadogo. Mwalimu Feliksi aliuliza habari za baba yake kwa kila aliyerudi kutoka Tanzania, lakini waliorudi walikuwa wametoka kambini, na Yakobo alikwishaondoka kambini. Elida alikuwa msichana mzima alipopatwa na homa, mvua zile kubwa, barabara imekatika. Alikufa kabla hajafikishwa hospitali. Dada akauliza ilikuwa lini. Recho akakumbuka kwa mafuriko, akamtajia mwaka.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa ndoa yao. Mwaka wa ile mimba ya kwanza.

"Alikuwa anatuambia baba yake atakuja," Recho alisema. "Hakuwa na hasira. Alisema baba alikuwa anamtafuta, yeye alimwona anamtafuta, mdomo uko wazi."

Waliwaonyesha kaburi. Yakobo alikaa mbele yake, na mchana wote alisema na mtoto wake kwa mikono. Dada alikaa nyuma yake. Hakuelewa hata alama moja.

Waliporudi, Leonia aliweka matanga. Mtaa ulishangaa, watu wakaulizana nani amekufa pale, wale wawili wana nani zaidi ya wao? Dada akajibu kila aliyeuliza, "Binti yetu." Wakaja. Wanawake walikaa kwenye majamvi, sufuria za ugali wa muhogo zikapikwa, mama yetu akaja tena kutoka Kasulu na safari hii hakuwa na maneno. Mchungaji Pastory, ambaye aliombwa aongoze sala, aliuliza kama ilivyo desturi marehemu ameacha nani.

Yakobo aliinamia mikono yake. Dada akasimama.

"Ameacha baba," alisema. "Na ameacha mimi, ambaye sikuambiwa."

Basi watu wakalia, hata waliokuja kwa udadisi.

Bado wanaishi pamoja Kasingirima. Dada anampikia, wanakwenda kanisani, Yakobo akiugua anamuuguza. Siku moja nilimuuliza kama amemsamehe, tukiwa tunageuza dagaa juani. Akawa anachambua mchanga.

"Mkono ulimtoka, hilo nilimsamehe pale pale aliposema," alinijibu. "Nani asingepiga kelele? Lakini ile miaka mitatu, Agnesi. Ile miaka mitatu mtoto yu hai, sisi tunalala kitanda kimoja, na siku anga likiwa safi milima ya kwao tunaiona. Hiyo sijui nianzie wapi."

Akainua jamvi upande wake. Na mimi nikainua upande wangu, maana mawingu yalikuwa yanakuja na dagaa walikuwa hawajakauka.