Chakula cha Mama Othmar

Ukifika kijijini kwetu Ukata ukamuuliza mtu yeyote nani alimuua Othmar, jiandae kukaa. Utaletewa kigoda, na kabla hujakikalia utakuwa umeshaambiwa habari za majasusi. Mmoja atataja majasusi wa ng'ambo ya ziwa, mwingine wa Ulaya, na fundi baiskeli wetu atakuchorea ardhini kwa kijiti njia waliyopita. Kwa muda mrefu mtu mmoja tu hakusema kitu, naye ndiye aliyekuwa anajua. Huyo ni Rosina, jirani yangu na mwenzangu wa jumuiya, mke wa Antoni aliyefungwa kwa kesi hiyo.

Othmar alikuwa mgombea ubunge, mzaliwa wa Lituhi kule ziwani. Alijua kusema. Akisimama jukwaani hata sisi wenye ulimi mchungu tulinyamaza. Huku kwetu milimani alikuwa na shamba la kahawa alilorithi kwa mjomba wake, limepakana na la Antoni. Jioni moja wakati wa kampeni aliuawa shambani humo kwa gobore, bunduki ya kienyeji ambayo kwetu ni ya kuwindia nguruwe pori wanaoharibu mahindi. Kesho yake Antoni alijipeleka polisi mwenyewe, akakiri, na mahakama ikamfunga.

Hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu watu walikataa. Mtu mkubwa vile angekufaje kwa gobore la Antoni, ambaye hata kuchinja kuku humwita jirani? Ikasemwa chini ya ziwa kuna mafuta na Othmar alikuwa na ramani yake. Ikasemwa Antoni alichomwa sindano ya kukiri. Tena siku ile watu wa Lituhi waliona kitu cheusi kikipanda angani katikati ya ziwa, ikasemwa ni moshi wa boti ya wauaji ikiteketezwa kupoteza ushahidi. Sasa kila mtoto wa ziwani anajua moshi ule ni nkungu, wadudu wadogo wanaoinuka majini kama wingu, na upepo ukiwaleta nchi kavu akina mama huwakusanya kwa vikapu wakawapika. Wamewala tangu wanaota meno. Lakini mwaka ule nkungu wakawa moshi, na aliyebisha aliulizwa amelipwa na nani.

Lisemwalo lipo, waliniambia. Nikawajibu kwamba lisemwalo kilabuni lipo kilabuni. Hawakunipenda.

Rosina yeye walimpenda kupita kiasi. Zamani alikuwa mwanamke wa kawaida tu, hodari wa kuchimba ngolo, yale mashimo yetu ya mahindi ya mlimani, mwimbaji wa sauti ya pili kwaya, mcheshi ukimkuta anachambua kahawa. Sasa akawa mke wa aliyeonewa. Kanisani walimpisha benchi la mbele. Wanawake walikwenda kumchumia kahawa bila kuitwa. Vijana walitoka mjini wamefunga simu kwenye vijiti, wakampiga picha mlangoni kwake, wakaenda kusema mitandaoni maneno ambayo hakuyasema.

Mwingine angenenepa kwa heshima ile. Rosina alikonda. Alianza mstari wa kupalilia akauacha katikati, akaenda kuteka maji na ndoo ilikuwa imejaa. Kwenye rozari alinyanyuka watu wakiwa wamepiga magoti, akatoka nje, akarudi, akatoka tena. Nilidhani ni upweke. Mwishowe nilichoka, nikamwambia mficha uchi hazai, kama kuna neno aliseme.

Akalisema tukiwa katikati ya mibuni, mikono yake ikiendelea kuchuma mbivu na mbichi pamoja.

Othmar alikuwa amesogeza mpaka. Aling'oa masale, mimea ambayo kwetu ndiyo ukuta wa shamba, akayapanda upya ndani ya eneo la Antoni. Antoni alikwenda kumsemesha mara kadhaa, akachekwa. Jioni ile Rosina alimwona mumewe akichukua gobore. Alimuuliza anakwenda wapi, akajibiwa nguruwe. Lakini hakuelekea kwenye mahindi, alishuka njia ya mpakani. Mlio ukasikika mmoja. Aliporudi aliomba maji ya kunawa, akasema maneno ya mpaka yamekwisha, na Rosina akampakulia ugali.

Nilimuuliza Rosina, je, Antoni mwenyewe anasemaje huko gerezani? Akacheka kicheko kibaya. Mara ya mwisho alipokwenda kumwona, Antoni alimuuliza kama analikumbuka lile gari jeusi lililosimama barabarani siku ile. Hapakuwa na gari. Wafungwa wenzake walikuwa wamemsimulia habari za majasusi mpaka naye akaziamini, na sasa anamwangalia mkewe kwa mashaka kwa kuwa hakuliona gari.

"Nimebaki peke yangu, dada Gertruda," akaniambia. "Yule mama yake Othmar kule Lituhi analilia jambo ambalo halikutokea. Nataka alie lile lililotokea."

Nilikasirika, nakiri. Nilimwambia mambo yametulia, kwa nini ajitie moto? Angepoteza benchi la mbele na wachumaji wa kahawa, na wajinga wa kilabuni wangesema na yeye amenunuliwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nitamsindikiza.

Tulishuka na lori linalokwenda kuchukua dagaa. Njia nzima Rosina alifunga na kufungua pindo la khanga yake. Kabla hatujafika alinikumbusha jambo ambalo kila mtu kwetu analijua, wa milimani kwa wa ziwani. Damu ikimwagika kati ya nyumba mbili, nyumba hizo hazili pamoja mpaka neno lisemwe na lipokelewe. Anayekula kabla ya hapo anaiita damu irudi. Padri wetu huliita jambo hilo ushirikina, ila sijamwona akiwakaribisha mezani pamoja watu wa namna hiyo.

Mama yake Othmar ni mzee mwembamba, Mwanglikana wa siku nyingi, nyumba yake inatazama mitumbwi. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, na alipoambiwa mgeni ni nani alimkumbatia Rosina kama binti yake. Alikuwepo pia Sixbert, karani mstaafu, ambaye hushinda hapo akimletea mama habari mpya za majasusi. Rosina alifungua kinywa. Mama akamkatiza.

"Usiseme kitu, mwanangu. Najua. Mimi na wewe tumeonewa na watu wale wale."

Sixbert akadakia na moshi wa ziwani. Mara mbili Rosina alijaribu kuanza, mara mbili alipewa pole. Nilitamani kumziba Sixbert mdomo kwa kitambaa cha meza. Kisha chakula kikaja: ugali wa muhogo na mbasa mzima wa kuchemsha, samaki ambaye mama wa umri ule hampikii mgeni wa kupita. Mama alichukua jagi na beseni mwenyewe ili atunawishe. Mimi nilinawa. Damu ile haikuwa ya nyumba yangu, na njaa nilikuwa nayo.

Alipofika kwa Rosina, mikono ya Rosina ilikuwa imebaki mapajani.

"Nawa, mwanangu."

"Siwezi, mama."

Sixbert akasema labda ni vidonda vya tumbo, siku hizi vimezidi. Mama hakumsikia. Alisimama na jagi, akiitazama ile mikono, na nilimwona akielewa. Akaliweka jagi chini polepole, akamwambia Sixbert aende zake. Sixbert alikwenda.

"Jioni ile mumeo alikula?" mama akauliza.

"Alikula, mama. Nilimpakulia mimi."

"Kwa ajili ya nini?"

"Masale. Othmar aliyang'oa masale yetu akayasogeza."

"Na mafuta ya ziwani?"

"Hakuna, mama."

"Masale tu."

"Masale tu."

Niliogopa atatufukuza, au ataanguka. Alikaa sakafuni palepale karibu na beseni, akaanza kulia. Jirani yake aliniambia baadaye kwamba siku ya mazishi mama yule hakutoa chozi, alikuwa anashughulika na waandishi wa habari. Sasa alilia kwa Kimpoto, lugha yao ya ziwani, akimtaja mwanawe kwa jina la utotoni, akimuuliza masale yalikuwa na nini. Rosina naye alilia, akiwa mbali kidogo, hakuthubutu kumgusa. Mimi nilikaa na mikono iliyonawa, sijui niipeleke wapi.

Jua liliposhuka mama alinyanyuka, akafunika mbasa, akamweka kabatini.

"Huyu hutamla wewe," akamwambia Rosina. "Nitakupikia mwingine siku nitakayoweza. Sijui ni lini."

Tumerudi Ukata. Rosina amesema yote mbele ya jumuiya, na kama nilivyotabiri, kilabuni wameshaamua kwamba amenunuliwa. Benchi la mbele amepewa mwingine. Hajali. Lakini bado hatulii, kila lori la dagaa likipanda kutoka ziwani huacha jembe, hukimbia hadi barabarani kumuuliza dereva kama kuna ujumbe wake kutoka Lituhi.